Akili ya Mtoto na Chumvi ya Jikoni

Wazazi wa Njombe na Makambako wakipata nafasi ya kuuliza juu ya ubongo, maswali yao hufanana. Ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo? Si kweli; vipimo vya picha vinaonyesha ubongo wote ukifanya kazi, hata mtu akiwa amelala. Mwenye kichwa kikubwa ana akili zaidi? Hapana. Lakini swali linalorudi kuliko yote, tena huulizwa kwa sauti ya chini, ni la mtoto ambaye walimu wamekata tamaa naye: huyu amezaliwa hivi, au kuna kitu alikikosa?

Mara nyingi jibu huanzia mbali na kichwa cha mtoto, kwenye udongo. Nyanda za juu kusini zimenyeshewa mvua kubwa kwa maelfu ya miaka, na mvua huyaosha madini joto na kuyapeleka mitoni hadi baharini. Mahindi ya Wanging'ombe, viazi vya Makete na maharage ya Ludewa yanaweza kustawi na kushibisha, yakawa bado na madini joto kidogo mno. Mahitaji yenyewe si makubwa: mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, 250 kwa mjamzito. Kwa maisha yote hayajazi kijiko cha chai. Yakikosekana, tezi ya shingoni hutanuka ikihangaika kunasa kila chembe inayopita kwenye damu, na hapo ndipo rovu linapotokea.

Rovu watu waliliona. Kilichokuwa kikitokea ndani ya fuvu la mtoto tumboni hakuna aliyekiona. Seli za ubongo huzaliwa katikati kabisa, kisha kila moja hupanda taratibu kuelekea nje hadi ifike mahali pake. Ikishafika huchipuza matawi, hushikana na wenzake, kisha nyuzi zake huvikwa utando wa mafuta ili ujumbe upite haraka. Mtu mzima ana seli kama hizo zipatazo bilioni 86. Homoni ya tezi ndiyo inayosimamia sehemu kubwa ya safari hiyo, na homoni hiyo haitengenezwi bila madini joto. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba tezi ya mtoto haijaanza kazi, kwa hiyo anategemea ya mama peke yake. Ndiyo maana huwa nasumbuka ninapoona kina mama wengi wakianza kliniki mimba ikiwa imeshavuka hapo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka kwenye milima mingine yenye mvua nyingi, ya Papua New Guinea. Mwaka 1966 kundi moja la wanawake lilichomwa sindano ya mafuta yenye madini joto, na kundi jingine likachomwa maji ya chumvi tu. Miongoni mwa watoto waliozaliwa na kundi lisilopata madini, 26 walikuwa na ulemavu mzito wa akili na mwili unaotokana na upungufu huo. Kwa waliopata walikuwa 7, na mama 6 kati ya hao 7 walikuwa tayari ni wajawazito siku ya sindano. Tarehe ya sindano ilitosha kuamua mtoto atakuwa nani, na sijui jambo jingine katika taaluma ya ubongo linaloonyesha kwa uwazi kiasi hicho kwamba akili hujengwa.

Kwetu Tanzania, vipimo vya miaka ya 1980 vilikuta mwanafunzi mmoja kati ya wanne ana rovu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ikaanza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, zikiwamo Njombe, Makete na Ludewa. Katika miaka ya 1990 zikaja kanuni za kuweka madini hayo kwenye chumvi ya nchi nzima, na uchunguzi wa mwaka 2004 ukakuta rovu limeshuka hadi asilimia 7 hivi ya wanafunzi. Mwaka 2009 wachumi walichapisha utafiti uliosema kwamba watoto ambao mama zao walifikiwa na vidonge walikwenda mbali zaidi shuleni, hasa wasichana. Wengine waliporudia hesabu hizo faida hiyo haikuonekana tena kwa uhakika. Mimi sishangai. Miaka ya shule hutegemea ada, umbali na mapenzi ya baba, kwa hiyo ni kipimo dhaifu cha ubongo.

Sasa twende sokoni. Makambako ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, reli ya TAZARA na barabara ya Njombe hadi Songea zinakutana hapo. Kwenye pakiti chumvi huandikwa kama ina madini joto. Kwenye gunia lililo wazi, ile ya mawe inayopimwa kwa kopo, huwezi kujua kwa macho wala kwa ulimi. Kipimo chake ni rahisi: unaweka chumvi kidogo kwenye kisahani na kuidondoshea tone la dawa. Yenye madini hugeuka bluu ya zambarau pale pale, isiyo nayo hubaki nyeupe. Kipimo hicho kingestahili kuwa mkononi mwa kila afisa afya wa soko. Nyumbani, chumvi ikae kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke wa jiko, na itiwe chungu kikikaribia kuepuliwa. Tena isiongezwe; kiasi cha kawaida kinatosha, na kuizidisha kunapandisha presha.

Chumvi peke yake haimalizi kazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta nusu ya watoto wa Mkoa wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Huu ni mkoa wa viazi, mahindi, maziwa na maparachichi! Ghala limejaa, lakini mama yuko shambani tangu alfajiri na mtoto ameachiwa uji mwembamba usio na yai, karanga wala maziwa. Ubongo wa mtoto mchanga hula zaidi ya nusu ya nguvu yote ya mwili wake, na kufikia miaka miwili huwa umefikia takribani asilimia 80 ya ukubwa wa utu uzima. Njaa ya kipindi hicho huuumiza ukiwa bado unajengwa. Na msimu wa ulanzi ukifika, mjamzito asipewe hata kikombe cha kumkaribisha, kwa sababu pombe hupita moja kwa moja hadi kwa mtoto.

Je, yule aliyekwisha kukosa? Safari ya seli tumboni hairudiwi. Hata hivyo ubongo wa mwanafunzi bado unahitaji homoni ile ile kila siku ili ufikiri kwa wepesi. Nchini Albania, watoto wa miaka 10 hadi 12 wenye upungufu walipewa kidonge kimoja cha mafuta yenye madini joto. Miezi michache baadaye walikuwa wepesi zaidi kwenye majaribio ya kufikiri na ya kazi za vidole kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa mwanawe ni mzito, kabla ya kumhamisha shule, ampeleke akapimwe macho, masikio, damu na tezi.