Kuunasa Mruko wa Umeme kwa Oskiloskopu ya Dijiti

Masika yaingiapo katika miteremko ya Kilimanjaro, radi hupiga juu ya migomba ya Machame na Kibosho, na nyaya za umeme zipandazo huko kutoka Moshi hupata misukosuko. Tuseme jokofu la chanjo la zahanati limeharibika usiku. Asubuhi fundi anapima soketi kwa mita ya kawaida na kukuta volti 230 kamili. Je, jokofu limeharibiwa na nini?

Mita haikusema uongo, ila yenyewe hutoa wastani wa mawimbi mengi. Umeme wetu hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, yaani kila mzunguko huchukua milisekunde 20. Mruko uletwao na radi huweza kupanda kwa muda wa mikrosekunde moja, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya sekunde, na kutulia baada ya makumi machache tu ya mikrosekunde.

Oskiloskopu ya dijiti hupima volteji mara mamilioni kwa sekunde na kuweka kila kipimo katika kumbukumbu. Kumbukumbu ikijaa, vipimo vya zamani hufutwa kupisha vipya. Fundi huweka kiwango cha kushtua, kwa mfano volti 450. Volteji ikivuka hapo, chombo hurekodi kitambo kidogo zaidi, kisha husimama. Hivyo hubaki picha ya kabla na baada ya tukio, hata kama fundi alikuwa amelala.

Lakini picha hiyo hutegemea vipimo alivyochagua. Volti 230 si kilele cha wimbi. Hulinganisha tu umeme huo na ule wa betri utoao joto sawa. Kilele chenyewe ni kama volti 325 juu na 325 chini, jumla 650. Kwa kioo chenye miraba 8 ya wima, volti 100 kwa mraba zatosha wimbi la kawaida. Mruko wa volti 1,000, hata hivyo, utakatwa kichwa. Tukiweka volti 500 kwa mraba, utaonekana wote; lakini chombo chenye ngazi 256 kitapima kwa hatua za karibu volti 16, badala ya 3.

Kasi nayo ina gharama yake. Kwa vipimo milioni 1 kwa sekunde, mpando wa mikrosekunde moja hupata nukta moja au mbili tu. Kwa vipimo milioni 100 hupata nukta 100, ila kumbukumbu ya nukta 10,000 itajaa kwa mikrosekunde 100.

Faida yake ni kujua dawa. Mruko mfupi na mkali huhitaji kinga ya radi. Volteji ishukayo au ipandayo kwa sekunde nzima huhitaji stabilaiza. Atakayekosea atanunua kifaa, na chanjo zitaharibika tena.

Yafaa tutoe onyo. Waya wa kupimia uwe umetengenezwa kuhimili volteji hiyo, na kibanio chake cha ardhi kisishikizwe kamwe kwenye waya wenye moto. Maungio yafanywe na fundi aliyehitimu, umeme ukiwa umezimwa, wala si wakati radi zinapiga.