Somo la Redio: Calvin Peete, Mchezaji wa Gofu Aliyeanza Ukubwani

Mlio darasani, sogeeni karibu na redio. Mlio nyumbani, chukueni kalamu na daftari, kwa maana leo mtaandika hesabu moja fupi.

Katika madarasa yetu kuna maneno ambayo husikika mara nyingi. Mtu husema, "Mimi nimekwisha kuwa mtu mzima, wakati wangu umepita." Leo nitawaeleza habari za mtu ambaye angaliweza kusema hivyo mara mbili: mara ya kwanza juu ya mchezo, na mara ya pili juu ya shule. Jina lake ni Calvin Peete, Mmarekani mweusi, mchezaji wa gofu.

Kwanza tujue mchezo wenyewe. Gofu huchezwa katika uwanja mpana wa majani. Mchezaji ana fimbo za namna mbalimbali na mpira mdogo, mgumu. Hupiga mpira mpaka uingie katika shimo dogo lililo mbali, kisha huenda kwenye shimo la pili, hata amalize mashimo 18. Anayepiga mara chache zaidi ndiye mshindi. Wachezaji ni wa aina mbili. Wa ridhaa hucheza kwa kujifurahisha, wala hapati fedha. Wa kulipwa hucheza kuwa ndiyo kazi yake, na chakula cha watoto wake hutoka katika mchezo huo.

Wachezaji wengi mashuhuri walianza wakiwa wadogo. Jack Nicklaus wa Marekani, kwa mfano, alianza akiwa na umri wa miaka 10, na akawa mchezaji wa kulipwa mwaka 1961, akiwa na miaka 21. Sasa tumtazame Peete.

Calvin Peete alizaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1943. Baba yake alikuwa na watoto 19. Alipokuwa mvulana alianguka kutoka juu ya mti wa matunda, akavunjika kiwiko cha mkono wa kushoto. Mkono ule haukuunga vizuri. Tangu siku ile hakuweza kuunyoosha kabisa. Baadaye aliacha shule kabla ya kumaliza, akaenda kuvuna mboga mashambani huko Florida, ili asaidie jamaa zake.

Kijana huyu hakutaka kuvuna maharagwe maisha yake yote. Alinunua gari kuukuu, akawa mchuuzi. Alipakia nguo na mapambo, akawafuata vibarua wa mashambani kila walikokwenda kuvuna, kutoka Florida kusini mpaka jimbo la New York kaskazini. Ili wateja wamkumbuke, alitiwa almasi ndogo katika meno mawili ya mbele! Hakika alijua biashara.

Mwaka 1966 alikuwa katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Rafiki zake walimwambia wanampeleka kwenye karamu. Kumbe walimpeleka kwenye uwanja wa gofu. Yeye aliudharau mchezo huo. Aliona ni upuuzi mtu mzima kukifuata kijipira juani. Lakini hakuwa na gari la kurudia, basi akacheza. Alikuwa na umri wa miaka 23, wala hakuwa amepata kushika fimbo ya gofu.

Mchezo ulimwingia. Kisha akasikia kiasi cha fedha alichokuwa akipata Nicklaus kwa mwaka, akafikiri: hata sehemu ya tatu ya fedha zile ingenitosha. Akaanza kujifunza kwa bidii. Alisoma vitabu vya gofu, akajizoeza saa nyingi. Baada ya miezi sita tu aliweza kumaliza mashimo 18 kwa mapigo yasiyofika 80. Mtu anayeanza huenda akapiga 100 na zaidi.

Sasa sikilizeni jambo la mkono. Walimu wa gofu humwambia mchezaji anayepiga kwa kuume aunyooshe mkono wa kushoto. Mkono wa Peete haukunyooka, na mpira wake haukwenda mbali kama wa wenzake wenye nguvu. Basi akatafuta njia inayoufaa mwili wake. Ikiwa hawezi kuupeleka mpira mbali kuliko wengine, ataupeleka panyofu kuliko wengine. Katika gofu kuna njia ya majani mafupi ielekeayo kwenye shimo, na pembeni kuna majani marefu, mchanga na maji. Mpira ukitoka njiani, mapigo huongezeka. Tangu mwaka 1981 hata 1990, miaka 10 mfululizo, Peete alikuwa wa kwanza katika mashindano makubwa ya Marekani kwa kuuweka mpira njiani.

Lakini haya yalikuja baadaye. Alikuwa mchezaji wa kulipwa mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 28. Ili aingie katika mashindano makubwa ilimbidi ashinde majaribio. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili alishindwa. Mara ya tatu, mwaka 1975, alifaulu. Kumbukeni pia kwamba mpaka mwaka 1961 chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani kilikuwa na sheria ya kukubali watu weupe peke yao. Watu weusi walikuwa wachache sana katika mashindano hayo.

Mwaka 1979 alipata ushindi wake wa kwanza, mjini Milwaukee. Mwaka 1982 alishinda mara nne. Sasa kila mtu alijua kwamba yeye ni mmoja wa wachezaji bora wa nchi yake. Na hapo ndipo alipokutana na kizuizi ambacho fimbo haikuweza kukiondoa.

Kila baada ya miaka miwili Marekani hushindana na wachezaji wa Ulaya kugombea Kombe la Ryder. Ni heshima kubwa kuchaguliwa. Lakini katika siku zile, Mmarekani aliyetaka kucheza ilimpasa awe mwanachama kamili wa chama cha wachezaji wa kulipwa. Na mwanachama kamili ilimpasa awe na cheti cha shule ya sekondari, au cheti kilicho sawa nacho. Peete hakuwa nacho. Aliacha shule kwa ajili ya mashamba.

Angefanya nini? Fedha alikuwa nazo, na jina alikuwa nalo. Angaliweza kusema, "Mimi ni mtu mzima, mwenye watoto. Shule ya nini?" Hakusema hivyo. Alifungua vitabu. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule, akamsaidia. Mtihani wa watu wazima huko Marekani ulikuwa na sehemu tano: kuandika, kusoma, hesabu, sayansi, na elimu ya jamii. Mwaka 1982, akikaribia umri wa miaka 40, Peete alifanya mtihani huo, akafaulu.

Mwaka 1983 akachaguliwa kuchezea nchi yake. Mkuu wa kikosi alikuwa Jack Nicklaus, yule yule ambaye habari za fedha zake zilimtia hamu zamani. Mashindano yalifanyika Florida, jimbo alilovuna mboga. Siku ya mwisho mchezaji mmoja hupambana na mmoja. Anayeshinda huleta pointi 1, wakitoka sare kila upande hupata nusu. Peete alipambana na Brian Waites wa Uingereza, akamshinda kwa shimo moja tu.

Haya, shikeni kalamu. Marekani walipata pointi 14½. Ulaya walipata 13½. Toeni pointi 1 ya Peete kwa Marekani, mwongezeeni Waites. Mmepata nini? Marekani 13½, Ulaya 14½. Kombe lingalikwenda ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1985, akiwa na miaka 41, Peete alishinda mashindano makubwa ya Florida yaitwayo Players Championship. Kwa jumla alishinda mara 12 katika mashindano makubwa ya Marekani. Kabla ya Tiger Woods, hakuna mtu mweusi aliyepata ushindi mwingi kama huo. Alifariki mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 71.

Ndugu zangu, sisemi kwamba kila aanzaye ukubwani atakuwa bingwa. Peete alikuwa na kipawa, na watu wenye kipawa chake ni wachache. Lakini katika ule mtihani hakutumia kipawa cha gofu. Alitumia kalamu, kitabu, na mtu wa kumsaidia jioni nyumbani. Vitu hivyo mnavyo ninyi pia.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Peete alikuwa na umri gani aliposhika fimbo ya gofu mara ya kwanza?
2. Kwa nini hakuweza kuunyoosha mkono wake wa kushoto?
3. Alishindwa majaribio mara ngapi kabla ya kufaulu?
4. Kwa nini alirudi kusoma vitabu vya shule?
5. Andika sentensi tatu juu ya jambo ulilojifunza wewe ukubwani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.