Bustani za kambini: faida imo ndani ya gunia au ndani ya udongo?

Nyuma ya nyumba nyingi za askari, katika kambi za jeshi na katika kota za polisi, hakukosekani kishamba cha mboga: matuta machache ya sukuma wiki, kitalu cha nyanya, mstari wa kabichi, na mchicha ambao wengi wetu hapa Uganda tunauita dodo. Bustani hizo huupunguzia mshahara mzigo wa jikoni, na msimu ukiwa mwema husaidia hata ada ya shule. Lakini kila mvua zinapokaribia, swali hurudi lile lile. Je, askari anunue mbolea ya kiwandani na dawa za kunyunyiza, au ajitengenezee mboji, apande mazao mchanganyiko na kuuachia udongo wenyewe kazi ya kuilisha mimea?

Wapo wanaolijibu swali hili kwa ushabiki. Upande mmoja husema mbolea ya kiwandani ndiyo maendeleo, na upande wa pili husema kila kitokacho kiwandani ni sumu. Sisi twapenda kulijibu kwa kalamu na karatasi, maana wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

HESABU YA MFANO

Tuwachukue majirani wawili wenye vishamba vya nyanya vilivyo sawa kwa ukubwa. Tarakimu zifuatazo si za shamba lolote lililopimwa. Ni za mfano tu, ili mwenendo wa hesabu uonekane.

Jirani wa kwanza analima kwa pembejeo za kiwandani. Anavuna nyanya za shilingi 1,000,000. Mbegu, mbolea na dawa zimemgharimu shilingi 450,000, na vibarua shilingi 150,000. Anabakiwa na shilingi 400,000. Jirani wa pili analima kwa njia ya ikolojia, yaani kwa mboji, samadi, matandazo na mazao mchanganyiko. Mavuno yake ni pungufu kwa sehemu moja ya tano, naye anauza kwa shilingi 800,000. Mbegu na samadi zimemgharimu shilingi 150,000, lakini vibarua wamechukua shilingi 300,000, kwa sababu kugeuza mboji, kutandaza majani na kung'oa magugu ni kazi ya mikono mingi. Anabakiwa na shilingi 350,000.

Hadi hapo yule wa kwanza ameshinda. Lakini tubadilishe jambo moja tu. Tuseme kila mmoja ametumia nguvu za nyumbani kwake na hakuajiri kibarua. Sasa wa kwanza anabakiwa na shilingi 550,000, na wa pili shilingi 650,000. Tubadilishe na jambo la pili. Nyanya zimejaa sokoni na bei imeanguka kwa nusu, jambo ambalo kila mkulima wa nyanya analijua. Wa kwanza anabakiwa na shilingi 50,000, na wa pili shilingi 250,000. Na kama wote wawili waliajiri vibarua katika msimu huo mbaya, wote wamepata hasara. Ila hasara ya wa kwanza ni shilingi 100,000, na ya wa pili ni shilingi 50,000.

Hesabu hii fupi yatufunza kwamba ukubwa wa mavuno haumwelezi mkulima faida yake. Yampasa kutazama kinachobaki baada ya madeni kulipwa. Yatufunza pia kwamba kilimo cha pembejeo hula fedha, na kilimo cha ikolojia hula kazi. Askari mwenye mikono nyumbani na fedha kidogo mfukoni ana sababu ya kukitazama hiki cha pili kwa makini. Lakini asijidanganye kuwa kazi ya mkewe na watoto wake ni ya bure. Mke anayeweza kupata kipato kikubwa zaidi dukani au cherehani kuliko shambani, saa zake ziandikwe katika daftari kama vile gunia la mbolea linavyoandikwa.

BEI ISIYOTOKANA NASI

Liko jambo la tatu. Mwenye kutegemea gunia hutegemea pia bandari, meli na vita vya wengine. Mwaka 2020 tani moja ya yurea katika soko la dunia ilikuwa karibu dola 230 kwa wastani. Mwezi Aprili 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, tani hiyo hiyo ilipita dola 900. Mkulima wa Mbale au Kabale hakuwa na ugomvi na mtu huko, lakini bei ilimfikia hadi shambani. Sisi tuliosomea mambo ya ugavi twajua hatari ya kikosi kupokea mahitaji yake yote kwa njia moja tu: njia hiyo ikikatwa, kikosi kimekwama.

JESHI LILILOANZA NA MBOGA

Taifa lililoipata hatari hiyo kwa ukubwa wake wote ni Kuba. Hadi mwisho wa miaka ya 1980 kilimo chake kilitegemea mafuta, matrekta, mbolea na dawa kutoka Muungano wa Kisovieti na washirika wake. Muungano huo ulipovunjika mwaka 1991, shehena hizo zilitoweka, na kati ya mwaka 1990 na 1993 pato la taifa la Kuba lilipungua kwa kadiri ya theluthi moja.

Jambo ambalo askari wengi hawalijui ni kwamba sehemu ya jawabu ilitoka jeshini. Mwishoni mwa mwaka 1987, kabla ya msiba huo, Raúl Castro, aliyekuwa Waziri wa Majeshi, alitembelea kitengo kimoja ambako mhandisi mwanamke alikuwa akiotesha mboga katika vitalu bila kemikali. Aliagiza njia hiyo ienezwe vikosini. Shida ilipokuja, wazo lilikuwa limekwisha kujaribiwa, na miongoni mwa waliolisimamia lilipotoka kambini kwenda mijini alikuwamo Jenerali Moisés Sio Wong, mkuu wa taasisi ya akiba za taifa.

Vitalu hivyo, viitwavyo organopónico, vilijengwa hata juu ya viwanja visivyofaa kulimwa. Huzungushiwa matofali au mawe, kisha hujazwa udongo uliochanganywa na mboji. Lengo lililowekwa lilikuwa kilo 20 za mboga kwa mita moja ya mraba kwa mwaka. Vituo zaidi ya 200 vya kuzalisha wadudu na vimelea vyenye kuua wadudu waharibifu vilifunguliwa nchini humo. Katika kitongoji cha Alamar, mashariki ya Havana, bustani iliyoanzishwa mwaka 1997 na watu wachache ilikua hata ikafikia hekta zipatazo 10 na wafanyakazi zaidi ya 100.

Kwa nini ilifaulu kiuchumi? Hapana budi tuzitaje sababu. Wakulima walipewa haki ya kutumia ardhi bila kulipa kodi, kwa hiyo aliyeujenga udongo alijua kwamba atauvuna. Wafanyakazi wa ushirika waligawana sehemu ya faida. Mboga ziliuzwa langoni pa bustani siku ile ile, bila gharama ya lori. Tena tuseme kweli: Kuba haikujitosheleza kwa chakula. Imeendelea kuagiza sehemu kubwa ya nafaka na mafuta ya kula kutoka nje. Vitalu viliokoa mboga. Havikuziba pengo lote.

NYIGU MDOGO, FAIDA KUBWA

Mfano mwingine uko jirani yetu. Kabichi za Afrika Mashariki huliwa na viwavi vya nondo mdogo ambaye amekwisha kuzoea dawa nyingi, hata wakulima wakawa wananyunyiza mara kwa mara bila mafanikio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, yenye makao makuu Nairobi, ilimleta kutoka Taiwan nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya viwavi hivyo, ikamwachia katika maeneo ya nyanda za juu za Kenya. Nyigu aliweka makazi, na uharibifu ukapungua. Wachumi waliopiga hesabu ya mpango huo mwaka 2005 walikadiria kwamba faida yake ingezidi gharama kwa mara 24.

Lakini nyigu huyo hufa kwa dawa ile ile inayonyunyiziwa viwavi. Mkulima anyunyizaye kila wiki anawaua walinzi wake mwenyewe, kisha analazimika kununua ulinzi dukani.

ONYO KUTOKA SRI LANKA

Asitokee msomaji akaondoka hapa na kuzitupa mbolea zote leo. Mwezi Mei 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku ghafla uingizaji wa mbolea na dawa za kemikali. Mboji ya kutosha haikuwapo, na wakulima hawakuwa wamefundishwa. Mavuno ya mpunga yalianguka, chai ikapungua, na mwezi Novemba mwaka huo huo marufuku hiyo ikalegezwa. Udongo uliozoea kulishwa kwa gunia hauwezi kujilisha katika msimu mmoja. Amri yaweza kutolewa kwa siku moja. Mboji haitii amri.

TATIZO LA UHAMISHO

Sasa twafika kwenye jambo linalomhusu askari kuliko mkulima mwingine yeyote. Mbolea ya kiwandani humlipa mwenyewe katika msimu ule ule. Mboji humlipa kidogo mwaka wa kwanza, zaidi mwaka wa pili, na zaidi tena mwaka wa tatu, kwa sababu fedha yake imewekwa akiba ndani ya udongo. Askari naye, kwa desturi ya utumishi, hakai. Leo yuko Jinja, kesho Gulu, mwakani Moroto. Nani atajenga udongo ili wengine wavune?

Ugumu huu ni wa kweli, na kwa maoni yetu dawa yake imo katika desturi tulizo nazo tayari. Askari anayehama hukabidhi silaha, shuka na samani kwa orodha na saini. Basi shimo la mboji, matuta na vitalu vya kambini navyo viwe mali ya kikosi, viandikwe katika orodha ya makabidhiano, na anayekuja avikute vikiwa hai kama yeye alivyoviacha hai kule atokako. Kikosi hakihami kwa urahisi kama mtu mmoja. Kwa hiyo kikosi ndicho chenye uwezo wa kungojea faida ya mwaka wa tatu.

Kwa askari anayekaribia kustaafu, hesabu hugeuka kabisa, kwa kuwa yeye anakwenda mahali ambapo hatahamishwa tena. Wako wastaafu wanaozimaliza fedha za kiinua mgongo katika mbegu, mbolea na dawa za msimu mmoja, na bei ikianguka hubaki mikono mitupu. Afadhali aanze miaka mitatu kabla: afuge mbuzi wachache kwa ajili ya samadi, apande miti ya kurutubisha udongo mipakani, ajaribu tuta moja kwa kila njia na kuandika matokeo. Mbolea ya kiwandani aipunguze hatua kwa hatua, kadiri udongo wake unavyopata nguvu, wala asiikatishe kwa siku moja.

Mwaka 2013 jeshi letu lilipewa jukumu la Operation Wealth Creation, na askari wakagawa miche na mbegu kwa wananchi. Mwaka 2019 serikali iliidhinisha sera ya taifa ya kilimo hai. Mwananchi huyatazama matendo ya askari kabla ya kuyasikiliza maneno yake. Akipita kando ya uzio wa kambi akaona matuta yenye afya, na akiuliza gharama akaonyeshwa daftari, atakuwa amepata somo ambalo hotuba haiwezi kumpa. Kwa hiyo, msimu ujao, pamoja na jembe, kila mwenye bustani kambini na anunue daftari.