Picha ya ngazi inavyoweza kumponza mpangaji Owino

KAMPALA. Mfanyabiashara wa Goma au Juba anayetafuta duka kwenye maghorofa yanayozunguka soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, anaweza kuanza kwa picha anayotumiwa kwenye simu. Picha hiyo isimponze.

Lenzi pana ya milimita 16 huona pembe ya nyuzi zaidi ya 100, wakati ya milimita 50 huona takriban 46. Katika chumba kidogo, lenzi pana ndiyo huonyesha kuta zote kwa pamoja. Lakini hukuza kilicho karibu na kusogeza mbali kilicho nyuma. Kibanda huonekana ukumbi, na ngazi nyembamba huonekana pana.

Owino, upana wa ngazi si urembo. Hapo ndipo marobota ya mitumba, au mivumba kama isemwavyo Kampala, hupandishwa mgongoni. Ndipo pia watu hukimbilia moto ukizuka, na Owino inaujua moto: soko liliungua Februari 2009.

Mpiga picha mwaminifu huweka kamera kwenye miguu mitatu, usawa wa kifua, bila kuiinamisha, ili kuta zisionekane zimeegemeana. Kisha humsimamisha mtu katikati ya ngazi, ukubwa wake ujulikane.

Mpangaji naye aombe picha ya aina hiyo, pamoja na upana wa ngazi na wa duka kwa mita, kabla ya kutuma hata shilingi moja.