Tajiri wa Reli Katika Baraza la Kutunga Sheria: Maisha ya A. M. Jeevanjee (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856, alivyofika Mombasa mwaka 1890 baada ya kufanya biashara Australia, na jinsi mkataba wa kuwaleta vibarua kutoka Bara Hindi kuja kuijenga Reli ya Uganda ulivyompandisha daraja miongoni mwa wafanyabiashara wa pwani. Sehemu hii inaufuata utajiri huo hadi ulikomfikisha, yaani katika Baraza la Kutunga Sheria la Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, nchi ambayo tangu mwaka 1920 inaitwa Kenya, na inachunguza mali ya mtu mmoja iliweza kufanya nini, na ilishindwa nini, mbele ya sheria zilizowapanga watu kwa rangi zao.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba, na karibu 2,500 kati yao wakapoteza maisha kwa maradhi, ajali na wanyama wakali, hesabu ambayo haifai kusahauliwa na yeyote anayeusifu utajiri uliotokana na kazi hiyo. Kampuni ya Jeevanjee haikuishia katika kuwaleta watu, kwa maana iliwapatia chakula, ilivunja mawe, na ilijenga stesheni pamoja na majengo ya serikali. Nairobi ilipoanza mwaka 1899 kama kambi ya reli, yeye alikuwa miongoni mwa wachache walioona kwamba pale patakuwa mji, akajipatia viwanja, akajenga soko, na mwaka 1906 akawapa wakazi bustani ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mapema zaidi, mwaka 1902, alikuwa ameanzisha mjini Mombasa gazeti la African Standard, kisha akaliuza mwaka 1905. Chini ya wamiliki wapya lilibadilishwa jina likawa East African Standard, na baadaye likawa sauti kuu ya walowezi, yaani Wazungu waliokuja kuishi na kulima nchini, ambao ndio waliokuja kuwa wapinzani wake wakubwa.

Baraza la Kutunga Sheria liliundwa kwa amri ya mfalme wa Uingereza mwaka 1906 na likakutana kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata. Gavana ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na wajumbe waligawanywa katika makundi mawili: wajumbe rasmi, ambao walikuwa maofisa wa serikali na walitakiwa kupiga kura kama serikali ilivyotaka, na wajumbe wasio rasmi, ambao walikuwa raia walioteuliwa na mwanzoni wote walikuwa Wazungu. Wakati huo hakuna mjumbe aliyechaguliwa kwa kura ya wananchi, wala hakuna Mwafrika aliyeingia. Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa kuwa mjumbe asiye rasmi, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Uteuzi huo ulikuwa heshima ya kweli, lakini haukuwa mamlaka, kwa sababu mjumbe mmoja aliyezungukwa na maofisa wa serikali na walowezi angeweza kusema na kuandikwa kumbukumbu, asiweze kuubadilisha uamuzi hata mmoja. Kipindi chake barazani kilikuwa kifupi.

Kiini cha ugomvi kilikuwa ardhi. Ingawa Wahindi walilipa kodi na kuendesha sehemu kubwa ya biashara ya nchi, serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake wa makoloni, Lord Elgin, ilikubali kwamba ardhi ya nyanda za juu isigawiwe Wahindi, na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikampa gavana uwezo wa kuzuia ardhi isihamishwe kutoka mtu wa rangi moja kwenda kwa wa rangi nyingine. Mwaka 1910 Jeevanjee alikwenda London akalipeleka lalamiko hilo kwa wanasiasa na magazeti, hatua ambayo ilihitaji ujasiri kwa mtu ambaye kandarasi zake zilitoka kwa serikali ileile aliyokuwa akiishtaki.

Hata hivyo, hapohapo London ndipo upungufu wake mkubwa ulipojitokeza, kwani alitetea wazo kwamba Afrika Mashariki iunganishwe na Milki ya Uhindi ili ifunguliwe kwa Wahindi. Aliipinga dhuluma ya Mzungu kwa nguvu zake zote, ila nchi yenyewe aliitazama kwa jicho la mfanyabiashara anayetafuta soko, na Wakikuyu, Wamasai na wengine waliokuwa wakinyang'anywa ardhi hiyohiyo hawakuwa na nafasi katika hoja yake. Haki aliyoidai ilikuwa haki kweli, lakini ilikuwa pungufu.

Baada ya kutoka barazani aliendelea na siasa, na mwaka 1914 aliongoza mjini Mombasa kikao cha kwanza cha chama cha East African Indian National Congress. Waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923, unaojulikana kwa jina la waziri Devonshire, uliwapa Wahindi viti vitano katika baraza na kutamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza, ilhali nyanda za juu ziliendelea kuwa mikononi mwa Wazungu, na mwaka uliofuata Waafrika wakapewa mmisionari wa Kizungu, John Arthur, awasemee. Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka 1936. Mwafrika wa kwanza kuketi katika baraza hilo, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944.