Msumeno unaofuata mkono: mzazi, uliza haya kabla mwanao hajaanza useremala

Ukipita barabara ya Korogwe kwenda Handeni, utaona vitanda, milango na makabati yamepangwa nje ya karakana za mafundi seremala. Kazi hii inalisha familia nyingi. Kijana wa Kwedizinga, Kabuku au Segera aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne, mara nyingi hupelekwa kwa fundi ili ajifunze ufundi badala ya kukaa kijiweni. Ni uamuzi mzuri wa mzazi.

Lakini karakana ya leo si ile ya babu. Umeme umefika vijijini, na msumeno wa kusukuma kwa mkono umepisha mashine. Nyingi zimenunuliwa zikiwa zimetumika, hazina kitabu cha maelekezo, na wakati mwingine kinga yake ya chuma ilishafunguliwa zamani. Kijana anaonyeshwa swichi ya kuwashia, anatazama siku mbili tatu, kisha anaachiwa kazi.

Leo tuzungumzie mashine moja ambayo wazazi wengi hawaijui, ingawa inaweza kukata vidole vinne kwa wakati ambao mtu anapepesa jicho. Tutaeleza inavyofanya kazi, inavyorekebishwa, na nini ufanye iwapo ajali imetokea.

Mashine yenyewe ikoje?

Ni meza yenye nguzo nyuma yake. Juu ya nguzo umetoka mkono wa chuma, na kwenye mkono huo inaning'inia mota yenye diski ya meno. Mbao hulazwa mezani ikiegemea ubao uliosimamishwa kwa nyuma. Fundi hushika mpini, akavuta mota kuelekea kwake, na diski inapita juu ya mbao ikiikata. Hapa tuuite msumeno wa kuvuta. Ulibuniwa mwaka 1922 na Mmarekani Raymond DeWalt, na baadaye ukaenea duniani kwa sababu unakata mbao ndefu haraka, hata kwa pembe.

Sasa sikiliza jambo la msingi. Diski huzunguka kwa namna ambayo meno ya chini yanakwenda nyuma, mbali na fundi. Hilo lina faida, kwani linaibana mbao kwenye ubao wa kuegemea. Lakini lina hatari yake. Meno yanapong'ata mbao, yanajikokota kama gurudumu, na mota nzima inataka kukimbia mbele, kuelekea kwa aliyeishika. Fundi anadhani anavuta, kumbe anafuatwa. Diski ikiwa butu au mbao ikiwa na kifundo, mota inaweza kuruka ghafla na kuukuta mkono wa kushoto ulioishikilia mbao.

Ndiyo maana ajali nyingi za mashine hii zimeshaandaliwa kabla haijawashwa. Zinatokana na jinsi ilivyofungwa na mkono ulipowekwa.

Marekebisho yanayookoa vidole

Kwanza, plagi ichomolewe kabla mtu hajagusa diski, boliti au kinga. Kuzima swichi pekee hakutoshi, maana mtu mwingine anaweza kuiwasha bila kujua. Na hapa kwetu kuna hatari ya ziada: umeme ukikatika katikati ya kazi, swichi izimwe mara moja. Mashine iliyoachwa imewashwa itaanza kuzunguka yenyewe umeme ukirudi, wakati kijana ameinama akipangusa vumbi la mbao.

Pili, mkono wa chuma uwe umeinuka kidogo upande wa mbele, ili mota ikiachiwa irudi taratibu nyuma ya ubao wa kuegemea na kukaa huko. Fundi aifanyie jaribio mashine ikiwa imechomolewa: aivute mbele kidogo, kisha aiachie. Ikisogea mbele, au ikibaki katikati ya meza, haijarekebishwa vizuri. Kuwe pia na kizuizi kinachoifanya diski isivuke ukingo wa meza upande wa fundi.

Tatu, diski iwe ya mashine hii. Meno yake yanatakiwa kuelemea nyuma kidogo, ili yasijikokote kwa pupa. Diski ya msumeno wa kupasulia mbao, yenye meno yaliyoinamia mbele, huongeza hatari ya mota kurukia mbele. Isiwe na ufa, isiwe butu, na ifungwe kwa kufuata mshale wa mzunguko uliochorwa juu yake.

Nne, kinga ya chuma iwepo na ifanye kazi. Sehemu ya juu ya diski ifunikwe yote, na ya chini iwe na kinga inayojiinua yenyewe diski inapokutana na mbao. Mwaka 2000 nchini Marekani, mamilioni ya misumeno ya aina hii iliyouzwa miaka ya nyuma yalitolewa tangazo la usalama, kwa sababu kinga zake hazikufunika diski yote na watu walikuwa wameumia. Fundi anayesema "kinga inanichelewesha" afahamu kwamba hata watengenezaji walilazimika kulirekebisha jambo hilo.

Tano, vishikio vyote vya kukazia pembe na urefu vikazwe. Diski ishushwe hadi iukwaruze kidogo tu ubao wa juu ya meza. Kisha izungushwe kwa mkono, plagi ikiwa bado nje, kuona kama inagusa chochote.

Wakati wa kukata

Mkono unaoshikilia mbao ukae angalau sentimita 15 kutoka kwenye njia ya diski. Hiyo ni takribani shubiri moja isiyonyooshwa sana. Kipande kikiwa kifupi kiasi kwamba shubiri hiyo haipatikani, kibanwe kwa jiliwa au kisikatwe kwa mashine hii.

Mikono isipishane. Mkono wa mpini uwe umekaza, ili diski ikitaka kukimbia izuiwe. Mbao ikae sawa mezani na iegemee ubao wa nyuma muda wote. Baada ya kukata, mota irudishwe nyuma kabisa, swichi izimwe, na fundi asubiri diski isimame kabla ya kuokota kipande. Wengi huumia hapa, kwa sababu wanadhani kazi imekwisha.

Mashine hii huweza pia kugeuzwa ili ipasue mbao kwa urefu. Mbao ikiingizwa upande usiofaa, hunyakuliwa na kurushwa kwa nguvu kama mkuki. Mwanafunzi asiifanye kazi hiyo.

Kuhusu mavazi, mikono mirefu inayopepea, pete, cheni na kanga vibaki nje. Glavu pia zisivaliwe karibu na diski inayozunguka, kwani uzi mmoja ukinaswa, mkono wote unafuata. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima.

Vumbi na kelele

Si kila madhara yanatoa damu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu mwaka 1995, hasa saratani ya pua. Vumbi la mvule huwasha ngozi na huweza kuamsha pumu. Kijana mwenye pumu amwambie fundi wake mapema. Barakoa nzuri ya vumbi ivaliwe, karakana iwe na hewa, na nguo za kazi zikung'utwe nje, mbali na watoto wachanga.

Kuhusu kelele, kipimo cha nyumbani ni hiki: kama watu wawili waliosimama hatua moja kati yao wanalazimika kupiga kelele ili wasikilizane, masikio yanaumia. Usikivu ukipotea kwa kelele haurudi. Vizibo vya masikio ni nafuu kuliko kifaa cha kusikilizia.

Ajali ikitokea, fanya haya

Zima mashine. Mkalishe au mlaze majeruhi. Chukua kitambaa safi, kandamiza jeraha kwa nguvu bila kufunuafunua, na inua mkono juu ya kiwango cha moyo. Vua pete na saa mapema, kabla mkono haujavimba. Usipake mafuta ya taa, majivu, kahawa, dawa ya meno wala mafuta ya breki. Vitu hivyo havizuii damu. Vinaingiza uchafu na kumwongezea daktari kazi ya kusafisha.

Kama kidole kimekatika kabisa, kitafute. Kisuuze kwa upole kwa maji safi bila kukisugua, kifunge kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo, kitie ndani ya kifuko cha plastiki kisichopitisha maji, kisha weka kifuko hicho kwenye chombo chenye maji na barafu. Kidole kisiguse barafu moja kwa moja wala kisitumbukizwe kwenye maji, kwa sababu nyama yake itaharibika. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, kwa hiyo karakana iwe na vifuko safi vya kufungashia kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Glavu ya hospitali iliyofungwa fundo nayo inafaa.

Kidole kilichopozwa hivyo kinaweza kuunganishwa ndani ya saa 24 hivi. Kisichopozwa, muda hupungua hadi kama saa 12. Andika saa ya ajali kwenye karatasi na uende nayo. Upasuaji wa kuunganisha mishipa midogo unahitaji wataalamu na vifaa ambavyo havipo kila hospitali, na si kila kidole kinaweza kurudishwa. Lakini kidole kilichotupwa hakirudishwi kabisa.

Nenda kituo kilicho karibu ili damu idhibitiwe, kisha hospitali kama ya Wilaya ya Handeni au Magunga, Korogwe. Huko wataamua kama kuna haja ya rufaa ya Bombo, Tanga, au mbele zaidi, KCMC ya Moshi au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Majeruhi asiendeshe pikipiki mwenyewe. Suala la fomu ya polisi, PF3, ndugu mmoja alifuatilie wakati mgonjwa ameshaanza kuhudumiwa.

Usidharau jeraha dogo. Ukiumia, jiulize mambo matatu: je, naweza kukunja ncha ya kidole? Je, naweza kukinyoosha? Je, nahisi nikiguswa pande zote mbili za ncha? Jibu likiwa hapana, huenda kano au neva imekatika hata kama tundu la jeraha ni dogo. Kano hushonwa vizuri zaidi katika siku za mwanzo. Ukikaa nyumbani mwezi mzima ukisubiri kipone, nafasi hiyo inapotea.

Jambo jingine ni pepopunda. Watoto hupata chanjo yake wakiwa wachanga, na kinamama wengi huongezewa wakati wa ujauzito. Kijana wa kiume hana nafasi hiyo ya pili, ndiyo maana anaweza kufika miaka 18 kinga yake ikiwa imeshuka. Mwambie mhudumu sindano ya mwisho ilikuwa lini. Kwa jeraha chafu, ikiwa imepita miaka mitano au hukumbuki, chanjo inahitajika. Taya zikikaza au shingo ikikakamaa siku au wiki kadhaa baadaye, rudi hospitali bila kusubiri kesho. Vivyo hivyo ukiona usaha, harufu, homa au uvimbe unaopanda mkono.

Baada ya kushonwa, fuata mazoezi ya tiba utakayoelekezwa. Vidole vingi hupona jeraha lakini vinabaki vigumu kama vijiti kwa sababu mgonjwa aliogopa kuvitumia.

Mzazi, uliza maswali haya

Kabla hujamkabidhi mwanao kwa fundi, nenda karakana mchana, mashine zikiwa kazini. Uliza: Kinga ya diski iko wapi? Ukiachia mota, inarudi nyuma? Nani atamsimamia mwanangu, na kwa muda gani kabla hajaachiwa peke yake? Sanduku la huduma ya kwanza liko wapi? Akiumia, nani anamlipia?

Swali la mwisho si utovu wa adabu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde watu wake, na wakala wa OSHA ndiye msimamizi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa ajili ya anayeumia kazini, lakini mwajiri lazima awe amejisajili na ajali itolewe taarifa mapema. Na kama mwanao hajatimiza miaka 18, sheria ya ajira ya mwaka 2004 haimruhusu kufanya kazi za hatari. Anaweza kujifunza kupima, kupiga randa ya mkono, kusugua msasa na kupaka rangi. Msumeno usubiri.

Fundi mzuri hatakasirika ukimuuliza. Atachomoa plagi, atavuta mota mbele, ataiachia, na utaiona ikirudi nyuma yenyewe. Asiyekubali kukuonyesha, mshukuru kwa muda wake, kisha mchukue mwanao mkatafute karakana nyingine.