Kani na Nishati katika Utegili wa Angani

Neno "nguvu" limebebeshwa mizigo miwili ambayo wanafizikia huitenga: kani, yaani msukumo au mvuto ubadilishao mwendo wa kitu, na nishati, yaani uwezo wa kutenda kazi. Mara nyingi mchanganyiko huo hauna madhara. Katika habari za utegili, ile gesi ya angani ambayo atomi zake zimevunjika zikawa chembe zenye chaji za umeme, mchanganyiko huo humpoteza msomaji kabisa.

Ikisemwa kwamba sumaku huzipa chembe nguvu, maneno hayo ni kweli kwa maana ya kani, na ni uongo kwa maana ya nishati. Uga wa sumaku huisukuma chembe ubavuni tu. Huipinda njia yake, wala hauiongezei kasi, mfano wa kamba ya mbuzi aliyefungwa mtini, ambayo humzungusha lakini haimkimbizi. Mwenye kutoa nishati ni uga wa umeme.

Walakini katika utegili elektroni ni nyepesi kusogea, nazo huufuta upesi uga wa umeme unaozuka. Basi nishati hutoka wapi? Mwaka 1949 Enrico Fermi alitoa jibu: mawingu ya utegili yanasafiri, na sumaku yake imo ndani yake. Chembe ikikabiliana na wingu lijalo, hurudishwa na nishati zaidi. Ikilifikia wingu likimbialo, hupoteza. Makabiliano ndiyo mengi, kama vile akimbiaye mvuani alowavyo kifua kuliko mgongo. Hata hivyo faida hiyo ni haba. Mwaka 1977 na 1978 Axford, Krymskii, Bell, Blandford na wenzao walionyesha njia iliyo bora, nayo ni wimbi la mshtuko. Hapo chembe, kila ivukapo, hukuta utegili wa upande wa pili ukiijia, na kila kivuko ni faida.

Hata hapo sumaku haikutenda kazi. Kwa atazamaye kutoka nje, sumaku isafiriyo na utegili huambatana na uga wa umeme, na huo ndio mtenda.

Nyota iliyolipuka mwaka 1006, ambayo Ali ibn Ridwan wa Misri aliandika habari zake, imeacha wimbi la namna hiyo. Mwaka 1995 wataalamu waliotumia setilaiti ya Kijapani ASCA walitambua, kwa eksirei zake, elektroni zenye nishati ya elektronivolti trilioni 100 hivi. Fotoni ya nuru ionekanayo kwa macho ina 2 au 3 tu.